Dirisha la Kiganja Kimoja

Munisamehe kwanza mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi baada ya mvua, na kuna maneno mengi ambayo sijui kama yanaandikwa na r au na l. Nilisoma shule ya msingi tu, na tangu hapo mkono wangu umezoea kusukuma kipanya cha ordinateri, yaani kompyuta, kuliko kushika kalamu. Ukurasa mmoja unanichukua mchana mzima. Mukiona nimefuta sana mahali, mujue kwamba hapo nilikuwa nimeanza kujitetea, nikaona haya.

Kazi yangu ni kuchora vyumba vya kuogea. Niko Butembo, kwenye depo inayouza karo, yaani vigae vya ukutani na vya chini, lavabo za kunawia, robine za maji na vioo. Watu hawapendi kununua karo ambayo hawajaiona imebandikwa. Kwa hiyo mkubwa wangu wa kazi, ninayemwita yaya, kama ndugu mkubwa, ingawa hatukuzaliwa pamoja, alipata ordinateri moja na programu ya kuchora, akaanza kuwaonyesha wateja picha ya dushi, yaani bafu, ambayo haijajengwa. Picha inatoka kama foto: ukuta, karo, kioo, na mwanga unaoingia. Baadaye alinifundisha mimi, kwa sababu nilikuwa pale nikifuta vumbi kwenye makartoni na sikuwa na mazoea ya kupiga soga na madereva.

Maneno ya programu ile yalikuwa ya lugha nisiyoisoma. Nilijifunza kwa vialama vyake. Jua dogo ni mwanga. Mpira ni ngozi. Sisi tulisema hivyo, ngozi ya karo, ngozi ya kioo, yaani namna kitu kinavyong'aa au kisivyong'aa. Na ile saa ambayo ordinateri inatengeneza picha ya mwisho tuliiita kupika, kwa sababu inachukua muda mrefu na mashine inapata moto. Tuliiweka juu ya matofali mawili ili hewa ipite chini.

Haya yangu ya kwanza ilikuwa hii: sikuwa nimewahi kuingia kwenye dushi ya karo. Kwetu Luofu tulioga nyuma ya jiko, kwenye uzio wa matete, umesimama juu ya jiwe na ndoo yako. Butembo kwa shangazi tulioga nyuma ya shitingi, lile turubai la plastiki. Basi picha yangu ya kwanza niliyoipika peke yangu ilikuwa na karo kubwa kama milango, na zote ziling'aa kama zimepakwa mafuta. Mteja mmoja, mfanyabiashara mwenye koti zito, aliiangalia sana.

"Hapa mutu anaoga ao anajikaanga?" akauliza.

Depo nzima ilicheka. Mimi nilienda nyuma ya makartoni ya vyoo, nikakaa huko kama mtu anayetafuta kitu. Yaya alinifuata.

"Umeisha kuingia mu dushi ya karo, wewe?"

"Ndiyo, Yaya."

Hakunisuta. Alinipa karo moja nyeupe na jagi la maji, akaniambia niende uani nikaangalie. Nilikaa huko mpaka mchana. Nilimwaga maji nusu ya karo na nusu nikaiacha kavu. Niliona kwamba upande wenye maji unaonyesha mawingu na upande mkavu unaonyesha weupe tu, hauna mawingu. Niliona kwamba ukiisogeza karibu na ukuta mwekundu, karo nyeupe nayo inakuwa nyekundu kidogo. Tangu siku ile picha zangu zilianza kupona. Nilipunguza kung'aa, nikapima karo sawasawa, nikatia mistari ya simenti kati ya karo na karo, nikaichafua kidogo. Hata mwanga niliubadilisha. Jua lililokuja na programu lilikuwa kali, la nchi nyingine. La Butembo asubuhi linapita kwanza kwenye ukungu, linafika likiwa jeupe na pole.

Nasema hayo yote ili mujue kwamba nilipofanya kosa langu sikuwa tena mtu asiyejua.

Mama mmoja alitoka Beni, komine ya Ruwenzori. Alikuwa mjane, muuzaji wa mafuta ya mawese, mrefu, mwenye sauti ya chini. Yaya alikuwa ameenda Kasindi kutoa mizigo mpakani, kwa hiyo nilimpokea mimi.

"Ni wewe njo unachoraka?"

"Ndiyo, Mama."

"Bon. Sikia. Dushi yangu iko nyuma ya nyumba, naijenga upya, ukuta ya tofali mbili mbili kila upande. Karo, weka ile unaona ni muzuri, mi hapana mutu wa kuchagua sana. Mais lakini dirisha, angalia mukono yangu." Alitandaza kiganja chake juu ya meza, kutoka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. "Hivi, na hivi. Juu kabisa. Kama paka anapita, imeshakuwa kubwa."

"Ndiyo, Mama."

"Hauniulize sababu?"

Nilitikisa kichwa. Aliniambia hata hivyo. "Ni mule njo tunalalaka na batoto kama bunduki inapiga."

Miaka ile Beni ilikuwa inapigwa, na watu wa pale walikuwa wanajua nyumba zao kwa namna nyingine. Walijua ukuta upi ni mnene. Na mimi nilijua. Kwetu Luofu, jioni moja tulijificha jikoni kwa sababu jiko lilikuwa la udongo mzito. Lilikuwa na tundu moja la moshi. Mwanga wa tochi za waliokuwa wanapita njiani uliingia kwenye tundu lile ukatembea juu ya nyuso zetu, uso mmoja baada ya mwingine. Baba alivua koti lake, akalisokota, akalisukuma ndani ya tundu. Kesho yake tulitoka Luofu, na shule yangu iliishia hapo. Kwa hiyo yule mama hakuwa na haja ya kunieleza dirisha.

Nilianza kuchora. Ukuta, karo za rangi ya chai ya maziwa, lavabo, kioo, na dirisha la kiganja kimoja karibu na dari. Nikapika. Picha ilitoka giza, tena giza lenye punje punje, kama mtu amemwaga pilipili manga juu ya ugali. Hiyo inatokea mwanga ukiwa kidogo; mashine inatafuta njia ya kila mwali, haipati, inaacha punje. Nikapika tena kwa saa nyingi zaidi. Punje zilipungua, lakini chumba kilikuwa kama shimo. Yaya alikuwa amenifundisha kuficha taa juu, mahali isipoonekana. Nilijaribu. Karo zikawa bapa, hazina uhai, kila kitu kikaonekana kama kimekatwa kwenye karatasi.

Nikafungua dirisha kidogo. Viganja viwili. Nikaona ukuta wa upande wa pili umeamka. Nikalifungua tena. Sikujiambia kwamba nabadilisha nyumba ya mtu. Nilijiambia natafuta mwanga, na dirisha nitalirudisha. Mwisho lilikuwa dirisha pana kuliko mikono yangu miwili ikinyooshwa, na kimo chake kilianzia kifuani mwa mtu. Nilipika kuanzia asubuhi. Picha ilipotoka, mwanga ulikuwa umeanguka sakafuni kama kitambaa, ukapanda ukuta, ukagusa ukingo wa lavabo, ukafia taratibu kwenye pembe. Karo ziling'aa pale tu zinapotakiwa. Nilikuwa nimetengeneza asubuhi yenyewe. Nilikaa nikiiangalia, na dirisha sikulirudisha.

Yaya aliporudi alisimama mbele ya mashine na mfuko wake bado begani.

"Ni wewe ulifanya hii?"

"Ndiyo, Yaya."

"Leo umekuwa fundi."

Neno hilo lilinifunga mdomo. Nilikuwa nimepanga kumwambia kuhusu dirisha, nilikuwa na maneno tayari. Lakini alikuwa anawaita watu. Aliita hadi muuza mikate wa nje. Aliichapa picha mara mbili, moja akaibandika ukutani kwenye depo, nyingine akaitia ndani ya bahasha pamoja na vipande vya karo, akampa dereva aende nayo Beni. Bahasha ile ilikaa juu ya meza karibu na mkono wangu muda wa kutosha mtu kunywa chai. Sikusema kitu.

Yule mama hakuwa Beni bahasha ilipofika. Alikuwa Mangina, akinunua mafuta. Dereva alimpa bahasha fundi wa matofali, mzee kidogo, aliyekuwa anasimamisha ukuta wa nyuma. Na kwetu mafundi wengi hawajengi kwa plani. Plani ni mistari, na mistari kila mtu anaisoma yake. Wanajenga kwa kuambiwa, na wakipewa picha yenye rangi, wanajenga kwa picha, kwa sababu picha haibishani.

Baada ya majuma mawili Yaya alinituma Beni na lori la karo, nikamwonyeshe fundi jinsi ya kuzipanga kama kwenye picha. Tulifika katikati ya asubuhi. Niliposhuka nilipitia nyuma ya nyumba, na nikaliona. Lilikuwa pale kwenye ukuta wa tofali mbili, pana, kimo cha kifua, limejengwa vizuri sana. Mule ndani mwanga ulikuwa umeanguka sakafuni kama kitambaa.

Mama alikuwa amerudi kutoka Mangina jana yake. Alikuwa amesimama ndani ya dushi na fundi, na picha yangu ilikuwa mkononi mwa fundi, ina alama za simenti kwenye pembe.

"Papa fundi, mi nilikuambia nini?"

"Uliniambia kiganja, Mama."

"Na hii ni kiganja ya nani? Ya tembo?"

"Mama, kisha kiganja ilikuya picha. Picha imetoka Butembo, iko na koloro, iko na lavabo, ataa sabuni iko. Nikasema, bon, mama amebadirisha mawazo. Watu ba Butembo bamemupatia akili ya Ulaya."

"Ni picha njo ilijenga, ao ni wewe?"

Fundi aligeuza picha, akaiangalia tena. Ndipo mama aliponiona mlangoni.

"Binti, kuya. Njo wewe nilionyesha mukono yangu. Ulichora dirisha hii?"

Hapa ndipo nimefuta sana. Nitaandika nilichosema kama kilivyokuwa. Nilisema, "Mama, picha ni ya kuonyesha karo tu. Si ya kupima dirisha. Fundi alipaswa kuuliza."

Nilisema kwa sauti ndogo, kama ninavyosema siku zote, na mtu akisema kwa sauti ndogo watu wanadhani hasemi uongo. Tena haukuwa hata uongo mzima, na hilo ndilo linaloniuma. Picha kweli ni ya kuonyesha karo.

Yule fundi aliniangalia. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama mtu anayengojea mwenzake amalize sentensi. Nilipokaa kimya, aliikunja picha mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Bon," akasema. "Kama mwenye kuchora anasema vile."

Mama alimwambia aache kazi. Aliosha mwiko wake kwenye pipa, pole pole, akaufunga kwenye mfuko pamoja na kamba na kipimo cha maji, akapita mbele ya majirani waliokuwa wametoka kuangalia. Mmoja akamwuliza kama ataanza sasa kujenga na televisheni. Fundi alinyanyua mkono tu kama anayesalimu.

Dereva alikuwa ameenda kutafuta mzigo wa kurudi nao, kwa hiyo nilibaki. Nilishusha makartoni, nikayapanga, nikayapangua, nikayapanga tena. Jua lilikuwa bado juu tuliposikia mlio wa kwanza, mbali, upande wa mashamba. Kisha mingine, mingi, na karibu zaidi. Hakuna aliyepiga kelele. Mukaka, mama mzazi wa yule mama, alichukua kitabu chake cha nyimbo za kanisa na blanketi. Watoto watatu walikuja bila kuitwa. Wote waliingia kwenye ile dushi isiyo na karo, kwa mazoea, kwa sababu ndiyo yenye ukuta mnene, na mimi nikaingia nyuma yao.

Tulikaa chini, na mwanga ukatukuta. Ulikuwa mwanga niliouchora mimi. Ulianguka sakafuni, ukapanda ukuta, ukafika mpaka pembe ambako nilikuwa nimeuacha ufe taratibu, na kila ulipomfikia mtu ulimwonyesha wazi: magoti ya mtoto wa kwanza, mkono wa Mukaka juu ya kitabu, uso wa mtoto mdogo. Niliweza kuhesabu vifungo vya shati lake. Tuliweza kuona mti wa parachichi wa jirani pale nje, na njia iliyo nyuma ya mti. Na aliyekuwa kwenye njia ile angetuona sisi vilevile.

Mukaka alimfunika mtoto mdogo kichwa kwa blanketi. Mama aliangalia kulia na kushoto akitafuta kitu cha kuzibia, hakikuwepo hata kipande cha bati. Basi akasimama. Alisimama mbele ya dirisha, mgongo nje na uso kwetu, akashika ukingo huku na huku kwa mikono yake. Chumba kikawa giza. Alikuwa mwanamke mrefu lakini hakutosha. Mwanga ulipita chini ya makwapa yake.

"Mama," nikasema. "Ni mimi."

"Nyamaza."

"Dirisha ni mimi. Fundi hakukosa."

"Nasema unyamaze."

Alikaa vile mpaka milio ilipoenda upande mwingine na kukoma. Sijui ni muda gani. Alipoachia ukingo, viganja vyake vilikuwa na alama za simenti mbichi. Alikaa chini karibu na mimi, akanyoosha miguu.

"Sasa sema."

Nilisema yote. Kiganja, punje, taa ya kuficha, bahasha juu ya meza.

"Mais kwa nini?"

"Picha ilikuwa giza, Mama."

"Picha ilikuwa giza," alirudia, na nilifikiri atanipiga. Hakunipiga. Aliwaangalia watoto wake. "Angalieni huyu. Anajua kunyamaza kutupita sisi wote."

Mukaka alicheka kidogo, watoto wakacheka kwa sababu Mukaka amecheka. Mimi niliweka uso kwenye magoti.

"Mi hapana wa kuombwa musamaha," mama akasema. "Ni yule papa fundi. Kesho asubui utaenda kwake, utasema vile umesema hapa. Na mbele ya bale majirani."

Nililala kwao, na kesho yake asubuhi nilienda na mtoto wake mkubwa aliyenionyesha njia. Nilikuwa nimeyarudia maneno usiku kucha. Mlango wa fundi ulikuwa umefungwa kwa waya. Jirani mmoja alisema amepakia watoto na magodoro alfajiri, ameondoka kama watu wengi wa kata ile walivyoondoka baada ya jana. Mwingine alisema ameenda upande wa Bunia. Mwingine akasema hapana, Butembo. Nilisema maneno yangu kwa wale majirani waliokuwepo, nimesimama pale mlangoni, nikiangalia waya. Yule aliyemtania kuhusu televisheni alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa unatuambia sisi tufanye nini?"

Fundi mwingine aliziba dirisha kwa tofali mbili mbili, akaacha kiganja kimoja karibu na dari. Mama mwenyewe ndiye aliyepima kwa mkono wake. Simenti mpya haikufanana rangi na ya zamani. Mpaka karo zilipofunika ukuta, ungeweza kuona dirisha langu lote, umbo lake.

Nilimwambia Yaya pia. Alitoa picha ukutani bila kuichana.

"Mara ngapi umeniambia ndiyo na ilikuwa hapana?"

Nikamwambia na ile ya dushi ya karo.

"Ile nilijua," akasema. "Ulikuwa umepima karo na mulango."

Alinipa nafasi ya kuchora tena. Safari hii sikugusa dirisha. Niligusa ngozi za vitu. Niliondoa karo za rangi ya chai ya maziwa, nikaweka nyeupe zisizong'aa sana kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, kwa sababu nilikumbuka uani, jinsi karo nyeupe inavyochukua rangi ya jirani yake na kuirudisha. Dari nikaipaka chokaa. Sakafu nikaipa kijivu cha mawingu, chenye kung'aa kidogo tu. Mwanga uliingia kwa tundu la kiganja, ukagonga ukuta mweupe, ukaenda dari, ukashuka. Nilipika siku mbili, nikiomba kuran ya umeme isikatike. Pembe niliziacha giza, kwa sababu pembe zitakuwa giza. Punje chache zilibaki. Yaya alisema picha ile haitamvuta mteja hata mmoja, na kweli haijamvuta.

Mama alipoiona, alipokuja kubadilisha karo za kwanza kwa nyeupe, aliishika karibu na uso wake.

"Hapa naona mahali nitaweka blanketi," akasema. Ndiyo sifa pekee aliyonipa, na ninaikumbuka kuliko ile ya Yaya.

Lakini fundi sijamwona. Beni bado wako watu wanaosema ni fundi asiyejua kupima, na waliosikia maneno yangu pale mlangoni ni wachache. Labda hata anapotafuta kazi mahali pengine anafunua ile picha na kuiangalia, akitafuta mahali alipokosea. Hakukosea. Alijenga sawasawa kabisa na nilivyochora mimi.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mutakaosoma. Kama kwenye mtaa wenu, au kwenye parokia, au kwenye kambi ya waliokimbia, kuna fundi wa matofali mzee kidogo, anayeosha mwiko wake pole pole, mwenye picha ya dushi iliyokunjwa mara nne na simenti kwenye pembe, musomeeni karatasi hii. Kisha muniandikie kwamba amesikia. Akiwa na neno la kunijibu, hata la ukali, muliandike kama alivyolisema, musilipunguze. Na mwandiko wenu usiwape haya. Mumekwisha kuona wangu.